Ati Hujasoma, Umesikiliza Tu

Ukitaja mwaka 1952 mbele ya Mkenya, akili yake itakimbilia Oktoba: hali ya hatari imetangazwa, Kenyatta amekamatwa, Kapenguria inangoja. Sawa kabisa. Lakini mwaka huo huo, mbali na hapa, yalitokea mambo matatu madogo yasiyojuana. Leo ndiyo yanayomwezesha kijana aliyekwama kwenye jam ya Thika Road kuweka iyafoni, kufunga macho na kulisikiliza joka likikoroma juu ya rundo la dhahabu.

Nayaleta kwa sababu kuna ubishi usioisha. Ukiwaambia watu umemaliza The Hobbit kwa masikio, kuna msee lazima akukate: ati hujasoma, umesikiliza tu. Anasema kana kwamba umeiba mtihani. Historia ina jibu lake, na jibu lenyewe linaanza na watu ambao hawakuwa na namna nyingine ya kusoma.

Thomas Edison alipojaribu mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, maneno aliyoiambia hayakuwa hotuba ya rais. Yalikuwa shairi la watoto kuhusu msichana na mwanakondoo wake. Mwaka uliofuata aliandika orodha ya kazi ambazo mashine hiyo ingefanya, na karibu kabisa na juu aliweka vitabu vya kuwasomea wasioona. Wazo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa nafasi: mitambo ya wakati huo ilibeba dakika chache tu. Riwaya nzima ingekujazia chumba.

Kilichosukuma mambo ni vita. Vita vya kwanza vya dunia viliwarudisha nyumbani askari wengi wakiwa vipofu, vijana wa miaka ishirini na kitu ambao vidole vyao havikuzoea nukta za Braille. Mmoja wao, Ian Fraser, alipoteza macho kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916. Baadaye aliongoza shirika la St Dunstan's la askari wasioona, na hakuchoka kusukuma utafiti wa santuri za kuzunguka polepole ili zibebe maneno mengi zaidi. Novemba 1935, Uingereza ikaanza kuwatumia wasioona vitabu vya kusikiliza kwa posta. Kati ya vya kwanza kabisa kulikuwa na hadithi ya mauaji ya Agatha Christie. Ona hapo: mtu aliyekaa gizani karibu miaka ishirini haletewi mawaidha, analetewa kitabu cha kumnyima usingizi.

Kwetu vita vya pili viliacha alama ya aina hiyo. Mwaka 1946 Salvation Army ilianzisha kituo Thika kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na kutokana nacho ikazaliwa shule ya watoto wasioona. Ndiyo barabara hiyo hiyo ya jam.

Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1931 ya kutoa dola 100,000 kila mwaka kwa vitabu vya wasioona, na miaka michache baadaye santuri zikaingia. Ila sheria ilikuwa na neno moja lenye makali: watu wazima. Mtoto asiyeona hakuhesabiwa. Angoje akue ndipo asimuliwe.

Sasa turudi 1952.

Februari, New York, wasichana wawili wa miaka 22, Barbara Holdridge na Marianne Roney, walimshawishi mshairi Dylan Thomas asome mashairi yake mbele ya maikrofoni. Santuri ina pande mbili, na mashairi hayakutosha kujaza pande zote. Thomas akakumbuka hadithi yake kuhusu Krismasi ya utotoni, akaisoma hiyo. Upande huo wa kuziba pengo ndio uliopendwa mno, na kampuni yao, Caedmon, ikasimama. Hapo awali kitabu cha kusikiliza kilionekana kama kifaa cha asiyeona, kama fimbo nyeupe. Hawa wawili walikiuza kwa mtu yeyote mwenye masikio.

Julai, Washington, sheria ya 1931 ilirekebishwa na lile neno likafutwa. Watoto wakaingia. Hakuna aliyeandamana, hakuna sanamu iliyojengwa. Neno moja tu liliondolewa, na mtoto asiyeona akapata haki ya kuogopa zimwi kama mtoto mwingine yeyote.

Agosti, mji wa Malvern, Uingereza, profesa mmoja wa Oxford alikuwa mgeni wa rafiki yake George Sayer. Jina lake J. R. R. Tolkien. The Hobbit, kitabu chake cha watoto, kilikuwa kimetoka mwaka 1937. Kile kikubwa kilichofuata, The Lord of the Rings, kilikuwa kimekamilika lakini bado hakijachapishwa, na mzee alikuwa amekata tamaa. Sayer akatoa kinasa sauti, kitu kigeni wakati huo, ili kumchangamsha mgeni. Kwa mzaha, Tolkien akaanza kwa kuisomea mashine Baba Yetu kwa Kigothi, lugha iliyokufa zamani, kufukuza shetani yeyote aliyejificha ndani. Kisha akasikiliza sauti yake ikimrudia. Akapenda. Akaomba kuendelea.

Alisoma nini? Ile sura ya The Hobbit ambamo Bilbo anakutana na Gollum gizani chini ya mlima, nao wanashindana kwa vitendawili. Tolkien hakusoma kama profesa. Alimwigiza Gollum kwa sauti ya kooni, ya kunyonyanyonya, ya kiumbe ambaye hajazungumza na mtu miaka mingi. Kanda hiyo ilikaa hadi 1975, miaka miwili baada ya kifo chake, ndipo Caedmon, wale wale wa Dylan Thomas, wakaitoa kwa santuri.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa nimeacha chuo tayari, na tangu hapo sehemu kubwa ya elimu yangu imepitia masikioni. Kilichonishika si Kiingereza chake. Ni kwamba nilikuwa naujua mchezo. Kitendawili! Tega! Kwetu ukishindwa unatoa mji: nakupa Mombasa, ule samaki hadi ushibe, nipe jibu langu. Bilbo hana mji wa kutoa. Akishindwa analiwa. Lakini giza ni lile lile, na sheria ni ile ile kwamba neno likitoka mdomoni lazima lijibiwe.

Ndiyo maana hadithi za maajabu zinakaa vizuri masikioni kuliko hata riwaya nyingi za mjini. Zilizaliwa huko. The Hobbit yenyewe Tolkien aliwasomea wanawe kabla haijawa kitabu. Mazimwi ya bibi zetu hayakuwahi kuwa na kurasa. Yalikuwa na paukwa, pakawa, na moto uliokaribia kuzima. Karatasi ndiyo iliyokuja kama mgeni.

Na usidhani msomaji anabaki mvivu kwenye kazi hii. Jim Dale, aliyesoma Harry Potter kwa toleo la Marekani, aliingia Guinness kwa kuwapa wahusika 134 sauti zao katika kitabu kimoja tu, kile cha tano. Kitabu hicho kinapita saa 26. Wewe msikilizaji unabeba majina hayo yote kichwani, bila kurudi nyuma kuchungulia ukurasa. Hiyo nayo ni kazi, bana.

Kwa hivyo yule msee wa "umesikiliza tu" anapaswa kuulizwa swali moja: askari wa Somme alisoma au hakusoma? Mtoto wa Thika je? Ukisema hawakusoma, umewafungia nje mara ya pili. Mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa sauti au Braille kwa wasioona bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. Mlango uko wazi kisheria. Kinachokosekana ni sauti ndani yake: vitabu vya Kiswahili vya kusikiliza bado ni vichache, na vya mazimwi yetu kwa vijana ndivyo vichache zaidi.

Holdridge na Roney walikuwa na miaka 22 na maikrofoni ya kukodi. Wewe una simu mfukoni, na nyanya yako bado anakumbuka zimwi lilivyocheka. Mrekodi.