Umeme wa Radi na Picha Yake

Katika mvua zilizopita nilikaa Gulwe wiki mbili, nyumbani kwa binti yangu. Gulwe, kwa asiyepajua, ni kituo cha Reli ya Kati wilayani Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, katika bonde la mto Kinyasungwe. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910. Huko hapana masika na vuli kama kwetu pwani. Msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hata Aprili hivi, na mvua ikija huja kwa kishindo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010 yaliing'oa reli baina ya Kilosa na Gulwe, safari zikakatika kwa miezi.

Wiki ile radi iliua mbuzi watatu wa jirani chini ya mbuyu. Kabla ya jua kuchwa maneno yalikwisha zagaa kwamba radi ile imetumwa, na mzee mmoja asiye na mtoto wala ndugu akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Nawe wajua maneno ya namna hiyo hufikia wapi.

Na mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amenunua kamera iliyokwisha tumika, kila usiku yuko uani anataka picha ya umeme. Mama yake akanijia: "Baba, mkanye mtoto huyu, anacheza na radi." Nilimwita, akanionyesha picha zake. Zote giza tupu! Alikuwa akingoja auone umeme ndipo abonyeze, na kidole hakijashuka, umeme umekwisha toweka.

Basi nikamsimulia habari ambayo napenda na wewe msomaji uijue. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufia Misri, alichunguza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza, na jinsi sura ya jua lililopatwa inavyoonekana humo. Kitabu chake juu ya kuona, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini, na Wazungu wakakisoma kwa karne nyingi. (Wako wenzetu wanaodai kuwa hata neno kamera ni la Kiarabu. Si kweli, ni la Kilatini, maana yake chumba. Fahari yetu haihitaji uongo.)

Picha ya umeme ilikawia. Thomas Easterly aliipata St. Louis, Marekani, mwaka 1847, lakini iliyojulikana zaidi ni ya William Jennings wa Philadelphia, 2 Septemba 1882. Wachoraji walizoea kuuchora umeme kwa pembe kali kama meno ya msumeno. Picha ikawakanusha: umeme una matawi, kama mto na vijito vyake.

Aliyefika mbali zaidi ni Basil Schonland, huko Johannesburg, katika miaka ya 1930. Alitumia kamera iliyobuniwa na Mwingereza Charles Boys, yenye lenzi mbili zinazozunguka kwa kasi, hata tukio la chini ya sekunde moja likatandazwa vipande vipande. Akaona kwamba kwanza hushuka mchirizi hafifu kutoka winguni, kwa hatua za makumi ya mita, hatua baada ya hatua. Ukikaribia ardhi, ndipo mwako mkubwa hupanda juu kwa njia ile ile. Huo upandao ndio tuuonao kwa macho, nasi twadhani unashuka! Mchirizi ule mara nyingi huangukia kilicho kirefu, mti au mnara. Kisha nguvu yake hutawanyika ardhini, ikampanda mnyama kwa mguu mmoja na kutokea mwingine. Mbuzi waliojikinga chini ya mbuyu hawahitaji mtu wa kuwatumia radi.

Kuhusu picha yenyewe, maulamaa walikhitilafiana juu ya picha za wenye roho. Umeme hauna roho, nami sikuona sababu ya kumzuia kijana. Nilichomzuia ni kusimama uani. Tangu kuona umeme hata kusikia ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu isipofika thelathini, kaa ndani. Akaiweka kamera ndani ya dirisha juu ya kigoda, akaielekeza milimani, akailenga mbali kabisa, akauacha mlango wa lenzi wazi kwa sekunde ishirini, akaufunga, akaufungua tena. Katika giza kamera haiandiki kitu. Umeme ukija, wajiandika wenyewe. Usiku wa tatu akapata mmoja, matawi saba, umegusa kilima.

Ijumaa baada ya sala tuliipeleka barazani, nikawaeleza habari ya Schonland na ya mbuyu. Mwenye mbuzi aliitazama muda mrefu. Akasema, "Sheikh, hii ni ya mlimani, yangu ilikuwa nyingine." Lakini magharibi nilimwona amesimama mlangoni kwa yule mzee, anamjulia hali.