Wodi ya Seattle: Saikolojia Ilivyoingia Katika Tiba ya Maumivu Sugu

Ukiumwa mgongo kwa wiki mbili, ndugu na majirani wanakuja na pole, na hata kazini wanakuvumilia. Ukiumwa kwa miaka miwili, pole zinapungua. Picha ya eksirei imetoka safi, vipimo vya damu havina neno, na siku moja daktari anafunga faili na kukwambia kwamba huna kitu, pengine ni mawazo. Unarudi nyumbani na maumivu yale yale, na juu yake umeongezewa mzigo mwingine: unaonekana mwongo.

Ndiyo maana mtu mwenye maumivu sugu akielekezwa kwa mwanasaikolojia huhisi ametukanwa. Ana haki ya kuhisi hivyo, kwa namna wengi walivyotendewa. Lakini historia ya tiba hii inasema kinyume cha anachokihofia. Walioiingiza saikolojia katika tiba ya maumivu hawakuyakana maumivu ya mgonjwa. Wao ndio walioyasadiki hata pale ambapo jeraha halikuonekana.

Kwa karibu miaka mia tatu udaktari wa Ulaya uliishi na picha moja. Ilitoka kwa mwanafalsafa Mfaransa, René Descartes, katika kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1662 kwa Kilatini na 1664 kwa Kifaransa. Humo kuna mtu ambaye mguu wake uko karibu na moto. Moto unavuta uzi ulio ndani ya mwili, uzi unapanda hadi kichwani, nao unafanya kazi kama kamba ya kengele. Kwa hesabu hiyo jeraha kubwa huleta maumivu makubwa, dogo huleta madogo, na jeraha likipona kengele inanyamaza. Aliyepona jeraha na bado analia hakuwa na mahali pake katika picha ile.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyoitia ufa. Henry Beecher, daktari wa usingizi kutoka Harvard, alihudumia majeruhi wa Kimarekani katika mapigano ya Italia, Anzio ikiwemo. Aliwauliza wanajeshi wenye majeraha mabaya kama walikuwa na maumivu ya kuhitaji dawa. Katika ripoti aliyoichapisha mwaka 1946, karibu robo tatu yao walisema hapana. Hawakuwa wamekufa ganzi, kwa maana walilalamika kama mtu yeyote sindano ilipochomwa vibaya. Beecher alifikiri juu ya maana ya jeraha lenyewe: kwa askari yule, kuumia kulimtoa mstari wa mbele akiwa hai. Miaka kumi baadaye alilinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji, na kati ya hao, walioomba dawa walikuwa wengi zaidi. Ukubwa wa kidonda peke yake haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Wakati huohuo, nchini Marekani kwenyewe, kijana mmoja alikuwa akikutana na tatizo lililo kinyume: watu waliopona majeraha yao na bado wanateseka. John Bonica alizaliwa mwaka 1917 katika kisiwa cha Filicudi, karibu na Sicily, akahamia New York na wazazi wake akiwa mtoto. Ada ya chuo cha udaktari aliipata kwa kupigana mieleka ya kulipwa, mara nyingine akiwa amevaa kinyago ili asitambulike. Mwaka 1944, akiwa na miaka 27, aliwekwa kuongoza idara ya usingizi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington. Wagonjwa walikuja kutoka vitani na maumivu ya kuungua katika mkono ambao kidonda chake kilikwishafunga, au maumivu ya mguu ambao ulikwishakatwa. Vitabu havikumsaidia. Akaanza kuwakutanisha wenzake wakati wa chakula cha mchana, daktari wa neva, wa mifupa, wa magonjwa ya akili, wamjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Aligundua kwamba kila mmoja alikuwa na kipande tu cha jibu.

Baada ya vita aliendeleza utaratibu huo mjini Tacoma, kisha mwaka 1953 akatoa kitabu kikubwa cha tiba ya maumivu chenye kurasa zipatazo 1,500. Mwaka 1960 alihamia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na huko wakaanzisha kliniki ya maumivu yeye, Lowell White aliyekuwa daktari wa upasuaji wa ubongo, na Dorothy Crowley, muuguzi. Jina la Crowley husahaulika upesi katika masimulizi haya, na si haki, kwa sababu kazi iliyokuja kufanyika Seattle iliwategemea sana wauguzi. Bonica mwenyewe aliishi na maumivu makali ya mabega na nyonga, urithi wa mieleka, na alipasuliwa mara nyingi. Hakuhitaji kushawishiwa kwamba maumivu sugu ni kweli.

Kilichokosekana ni maelezo ya kisayansi. Yalikuja Novemba 1965, katika jarida la Science, kutoka kwa Ronald Melzack, mwanasaikolojia wa Kanada, na Patrick Wall, mtaalamu wa neva kutoka Uingereza. Walisema ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango. Taarifa za maumivu zikifika pale hazipiti moja kwa moja. Neva kubwa za mguso zinaweza kulisukuma lango lijifunge, na hii ndiyo sababu mtoto akijigonga goti mama hulisugua na mtoto akapata nafuu. Na ubongo nao, kutoka juu, hutuma amri za kulifungua au kulibana. Hofu na huzuni, kumbukumbu ya maumivu ya jana, na mahali mtu alipoelekeza fikra zake, vyote vikapata njia halali ya kimwili ya kuongeza au kupunguza maumivu. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vilirekebishwa baadaye, lakini kengele ya Descartes haikurudi tena.

Hapo ndipo anaingia Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa idara ya utengemao palepale Seattle. Mwaka 1968 yeye na wenzake walichapisha taarifa ya kwanza ya kutibu maumivu sugu kwa kanuni za tabia. Alianza na mambo ambayo kila mtu wodini aliyaona bila kuyawekea maana. Mgonjwa alipolalamika, muuguzi alikuja na dawa na maneno ya upole. Alipojikaza akatembea, hakuna aliyekuja. Dawa ilitolewa pale tu maumivu yalipozidi, kwa hiyo mwili ulifundishwa kwamba maumivu ndiyo bei ya dawa. Mazoezi yalikatizwa maumivu yalipoanza, kwa hiyo maumivu yalilipwa kwa mapumziko. Baada ya miaka ya namna hiyo misuli imedhoofika, kazi imepotea, na maisha yote yamejipanga kuyazunguka maumivu.

Wodi ya Fordyce ikageuza mpangilio huo. Dawa ziliyeyushwa katika sharubati inayoficha rangi na ladha, zikatolewa kwa saa maalumu, mgonjwa awe anaumwa au haumwi. Mgonjwa alijua tangu mwanzo kwamba kiasi cha dawa kitapunguzwa. Asichoambiwa ni siku gani. Mazoezi yalipimwa kwa hesabu. Kwanza walitazama anaweza kuzunguka ukumbi mara ngapi kabla ya kushindwa, kisha wakampa kiwango kilicho chini kidogo ya hapo, ili amalize akiwa ameweza. Siku zilizofuata kiliongezwa pole pole. Kila mzunguko uliandikwa kwenye jedwali, na muuguzi aliyepita alisimama pale, akasoma namba na kuzizungumzia na mgonjwa. Mgonjwa alipougulia, hakugombezwa, ila mazungumzo yalihamia jambo lingine. Familia nazo zilifundishwa utaratibu huohuo kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.

Hapa nisimamie jambo moja. Mikononi mwa mtu asiye na huruma, mbinu hii ni ukatili. Kumnyamazia anayeugua, ukamwita mdekaji, si tiba. Fordyce hakudai kwamba wagonjwa wake wanajifanya. Hoja yake ilikuwa kwamba kuumia ni jambo moja na maisha yaliyofungwa na kuumia ni jambo jingine, na hilo la pili linaweza kufunguliwa hata la kwanza likibaki. Wapo walioichukua nusu ya hoja yake na kuiacha nusu nyingine.

Fordyce alishughulikia tabia; kizazi kilichofuata kikaongeza kumuuliza mgonjwa anachofikiri. Mwaka 1983 Dennis Turk, Donald Meichenbaum na Myles Genest walitoa kitabu kilichounganisha tabia na fikra. Mtu anayejiambia kwamba uti wake wa mgongo unavunjika kila anapoinama hatainama, na asipoinama mgongo unazidi kukakamaa. Tiba ikawa kuichunguza imani hiyo pamoja naye, na kuijaribu kwa vitendo vidogo. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alikuwa amefungua kliniki katika hospitali ya chuo kikuu mjini Worcester, Massachusetts, akiwafundisha wagonjwa kutulia na kuyatazama maumivu bila kupambana nayo. Baadaye ikaja tiba ya kukubali, inayomuuliza mtu anataka kuishi kwa ajili ya nini, kisha kumsaidia aanze kuishi hivyo kabla maumivu hayajaondoka.

Wenye shaka walipata jibu mwaka 1997. Mjini Montreal, Pierre Rainville na wenzake waliwatia watu mikono katika maji ya moto ya kuumiza, wakatumia maneno ya kuwaelekeza fikra ili karaha ya maumivu ipande au ishuke. Picha za ubongo zilionyesha eneo linalohusika na karaha likibadilika kufuata maneno, ilhali eneo linalopokea hisia ya mwili likibaki karibu vilevile.

Ungetarajia kliniki za namna ya Seattle zienee Marekani nzima. Nyingi zilifungwa. Timu ya daktari, mwanasaikolojia, muuguzi na mtaalamu wa viungo kwa wiki kadhaa ni gharama, na kampuni za bima zilipenda kidonge. Bonica alifariki mwaka 1994. Miaka miwili baadaye OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, iliingia sokoni, na mwaka 2007 watengenezaji wake walikiri mahakamani kwamba waliitangaza kwa udanganyifu. Kati ya 1999 na 2019 karibu Wamarekani 500,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, za hospitali na za mitaani. Kwa wenye maumivu sugu huu ni msiba mara mbili: walipewa kilichowaua, na wakanyimwa kilichokuwa tayari kipo.

Tiba ya kisaikolojia isitangazwe kama muujiza. Mapitio makubwa ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 75 na watu zaidi ya 9,400, yalikuta faida yake kwa wastani ni ndogo. Lakini jaribio la Boulder, Colorado, lililochapishwa mwaka 2022, lilichukua watu 151 wenye maumivu ya mgongo. Kati ya waliofundishwa kuyaona maumivu yao kama king'ora cha ubongo kisicho na hatari, asilimia 66 walimaliza wakiwa hawana maumivu au wana kidogo sana, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Hawa walikuwa watu wenye maumivu ya wastani na elimu nzuri, kwa hiyo haifai kuwaahidi wote matokeo hayo.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguliwa na wahudumu wa wagonjwa wa saratani. Cicely Saunders wa London alifundisha tangu miaka ya 1960 kwamba maumivu ni ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Fikra hiyo ilifika na Nairobi Hospice mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda aliyoianzisha Anne Merriman mwaka 1993. Mwenye saratani akapata wa kumsikiliza. Mwenye mgongo, selimundu au baridi yabisi bado anapewa kidonge na tarehe ya kurudi, na wanasaikolojia ni wachache, wengi wao mijini.

Hata hivyo Seattle haikujengwa na wanasaikolojia peke yao. Waliohesabu mizunguko na kusimama kwenye jedwali walikuwa wauguzi na wataalamu wa viungo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria ili wauguzi waliofunzwa waweze kuandika mofini, baada ya kuona kwamba kuwasubiri madaktari kungewaacha wagonjwa wengi vijijini bila nafuu. Muuguzi huyohuyo anaweza kufundishwa kumpangia mgonjwa wa mgongo kiwango cha kutembea, kuzungumza naye kuhusu hofu ya kuinama, na kuwaeleza watu wa nyumbani kwake kwamba maumivu hayo ni ya kweli.