Chemirocha: Wimbo wa Kapkatet na Funzo Lake kwa Fasihi Simulizi

Je, wimbo uliochochewa na santuri waweza kuitwa fasihi simulizi? Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kujibu kuwa waweza, nami nikamnyima alama. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba aliyekosea ni mimi.

Tuanze na historia. Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, Marekani. Alifanya kazi ya reli hadi kifua kikuu kilipomdhoofisha, akageukia gitaa. Alianza kurekodi mwaka 1927, akichanganya nyimbo za wazungu wa mashambani na bluzi za watu weusi. Mwaka 1931 alirekodi wimbo kuhusu ugonjwa uliokuwa ukimuua. Hapo mtunzi na nafsineni walikaribia kuwa mtu mmoja. Mei 1933, alirekodi nyimbo zake za mwisho jijini New York, akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo. Siku mbili baadaye alifariki. Hakuwahi kukanyaga Afrika.

Hata hivyo, santuri zake zilifika katika nchi ya majani chai. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, kwenye barabara itokayo Kericho kuelekea Sotik. Tatu kati ya hizo ziliitwa Chemirocha. Jina hili ni utohozi wa Jimmie Rodgers: sauti j imekuwa ch, na neno likamalizikia kwa irabu. Mbili ziliimbwa na wanaume waliocheza chepkong, ala ya nyuzi ya jamii hiyo. Ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimsawiri Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, wakamwalika acheze nao.

Hebu tutazame kilichotendeka. Kwanza, kuna ubadilikaji: jina moja limezaa nyimbo tatu. Pili, kuna umilikaji: mgonjwa wa Mississippi amegeuzwa mhusika wa kifantasia, na maumivu yake ya kibinafsi hayapo tena. Tatu, kuna utendaji: fanani, kundi na ngoma vimechukua nafasi ya mtu mmoja na gitaa lake. Santuri ilitoa chanzo tu. Jamii ndiyo iliyotunga.

Kuhusu uhifadhi, mara nyingi tunafundisha kwamba kurekodi hudumisha kazi ya fasihi simulizi. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Kanda hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoiasisi Tracey mwaka 1954. Zilirejeshwa Kapkatet mwaka 2015, wakati baadhi ya walioimba walikuwa wangali hai. Ilichukua miaka 65! Wengi wa wenzao hawakuwahi kujisikia. Kuhifadhi bila kurudisha ni nusu ya kazi.

Ewe mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu sifa za fasihi simulizi, usiandike tu kwamba ni mali ya kale. Nawe mwalimu mwenzangu, kabla ya kuchora alama ya kosa, mwulize mwanafunzi mfano wake ameutoa wapi. Wangu sikumwuliza.