Kutoka Njiapanda 150 Hadi 600: Sheria ya Kamera za Taa Nyekundu Jijini New York, 1988–2024

Kamera inayonasa magari yanayopita taa nyekundu haikuanzia Marekani. Mizizi yake imo Uholanzi, katika kampuni aliyoianzisha Maurice Gatsonides mwaka 1958. Gatsonides alikuwa dereva wa mashindano ya magari, na kipima mwendo chake alikibuni ili ajifunze kupita kona kwa kasi zaidi. Historia ina kejeli zake. Jijini New York kifaa hicho kilihitaji sheria kabla ya kuhitaji nguzo. Insha hii inadai kwamba sheria hiyo, wala si teknolojia, ndiyo iliyoamua ni njiapanda ngapi zingelindwa.

Jiji halikuwa na mamlaka ya kujiwekea adhabu ya aina hii, hivyo lilipaswa kupata idhini ya Bunge la jimbo lililoko Albany. Idhini ilitolewa mwaka 1988, na kamera zikaanza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ugumu ulikuwa katika kumtambua mkosaji, kwa kuwa picha huonyesha kibao cha namba bila kuthibitisha ni nani aliyeshika usukani. Bunge liliukwepa ugumu huo kwa kumwajibisha mmiliki: faini isiyozidi dola 50, isiyoingia katika rekodi ya udereva wala kupandisha bima. Kosa ambalo mbele ya askari ni la dereva, mbele ya kamera likawa deni la gari.

Ufumbuzi huo uliuwezesha mpango, na papo hapo ukaudhoofisha. Mwenye fedha na haraka aweza kuihesabu faini kuwa sehemu ya gharama za safari. Wengine huficha vibao vyao.

Hata hivyo kamera zina manufaa. Utafiti wa serikali ya shirikisho wa mwaka 2005, uliohusu maeneo saba ya Marekani, ulionyesha kwamba migongano ya ubavuni ilipungua kwa takriban robo, ilhali ile ya kugongwa kwa nyuma iliongezeka kwa takriban asilimia 15. Kwa kuwa gari linalogongwa ubavuni humlinda abiria kidogo mno, badiliko hilo lilikuwa na thamani.

Mbona basi, tangu mwaka 2009 hadi 2024, jiji lenye njiapanda za taa zaidi ya 13,000 lilizuiwa kuvuka 150? Shaka kuu ilikuwa kwamba kamera ni mtego wa mapato. Mwenye shaka hakukosa mfano: huko Chicago, mwaka 2016, afisa wa zamani wa jiji alitiwa hatiani kwa kupokea hongo iliyohusu mkataba wa kamera wa kampuni ya Redflex. Lakini hongo hudhibitiwa kwa kukagua mikataba. Ukomo wa idadi haukagui chochote. Uliacha takriban njiapanda 99 katika kila 100 bila kamera.

Oktoba 2024 Gavana Kathy Hochul alitia saini sheria iliyoruhusu njiapanda 600 na kuurefusha mpango hadi Desemba 2027. Faini ilibaki dola 50.