Kamera Iliyomeza Diski

Sony Mavica MVC-FD7, Japani, 1997

Tazama ubavuni mwa kamera hii. Mlango ule mpana ni wa diski laini ya inchi 3.5, ileile iliyotumika ofisini kuhifadhia barua na hesabu. Ndiyo maana kamera ni nene hivi: ililazimika kubeba mashine nzima ya kusoma na kuandika diski.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa. Wakati huo, kuhamisha picha kutoka kwenye kamera ya dijitali kwa kawaida kulihitaji waya maalumu, programu ya kusakinisha na subira. Mwenye Mavica alichomoa diski, akaitia kwenye kompyuta, picha zikafunguka. Diski ikijaa, alitia nyingine. Ukitaka kumpa mwenzako picha, ulimkabidhi diski mkononi.

Diski ilibeba megabaiti 1.44 tu, kwa hiyo picha zilibanwa kwa mfumo wa JPEG, kila moja ikiwa na pikseli 640 kwa 480. Ukishabonyeza kitufe, ulisikia diski ikizunguka na kukwaruza kwa sekunde kadhaa, picha ikiandikwa.

Jina Mavica ni la zamani zaidi. Sony iliitangaza ya kwanza mwaka 1981, lakini ile ilirekodi picha kwa mawimbi ya analogi, kama video, kwenye diski ndogo ya sumaku. Mwaka 2000 ikaja Mavica iliyoandika picha kwenye CD ya sentimita 8.