Makombo ya Televisheni: Historia ya Njia ya Kurudi

Mwishoni mwa mwaka 1948, Ed Parsons, mmiliki wa kituo cha redio mjini Astoria, jimbo la Oregon, Marekani, alisimika antena juu ya paa la hoteli ili anase televisheni ya Seattle, karibu kilomita 200 kutoka hapo. Akavuta kebo hadi nyumbani kwake. Majirani walipoona picha, nao wakataka kuunganishwa. Kebo ile ilikuwa ya kuleta tu. Nani angekuwa na neno la kuijibu televisheni?

Mwaka huohuo, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliondoa chaneli ya 1 kwenye televisheni. Ya chini kabisa ikabaki chaneli ya 2, inayoanzia megahezi 54. Kilichokuwa chini ya hapo ndani ya kebo hakikuwa na mwenyewe, na ndicho kilichokuja kugeuzwa njia ya kurudi kutoka majumbani: megahezi 5 hadi 42. Hakuna mhandisi aliyeyapenda masafa hayo. Yalikuwa makombo.

Mwaka 1972 FCC ikaagiza kebo mpya za miji mikubwa ziwe na uwezo wa kupeleka na kurudisha. Desemba 1977 kampuni ya Warner ikazindua QUBE mjini Columbus, Ohio, ambako mtazamaji alibonyeza kitufe sebuleni na jibu lake likapokelewa na kompyuta. Mradi uliwapendeza watu, lakini uliigharimu kampuni fedha nyingi, na haukudumu.

Shida yenyewe ya njia ya kurudi ni kelele. Fikiria mtaa mzima unaokinga mvua kwenye tangi moja: vumbi na majani ya kila bati huishia humo. Ndivyo kebo inavyokusanya uchafu wa kila nyumba, ukiwemo wa mota za friji, wa kiungio kilicholegea, na wa redio za madereva wa malori zinazozungumza kwenye megahezi 27. Mawimbi ya masafa mafupi nayo yamo, yaleyale ambayo wazee wetu waliyatafuta usiku ili wasikie idhaa za Kiswahili za BBC na Sauti ya Ujerumani. Kwa msikilizaji yalikuwa neema. Kwa fundi wa kebo, mwizi aliyeingilia dirishani.

Kwa hiyo mwaka 1997, maabara ya CableLabs ilipotoa kanuni za DOCSIS ili modemu za intaneti ya kebo za kampuni zote zielewane, kazi ngumu ilibaki kwa fundi wa kituo kikuu cha kebo. Katika mitambo ya Cisco ya uBR7200, milango ya njia ya kurudi ilifika ikiwa imefungwa. Fundi alianza kwa kutaja masafa, akiikwepa megahezi 27, kisha upana wa chaneli. Upana wa megahezi 3.2 kwa modulesheni ya 16-QAM ulibeba megabiti 10.24 kwa sekunde. Penye kelele alirudi kwenye modulesheni ya QPSK, akakubali nusu yake. Mwisho ndipo akaufungua mlango.

Mpangilio uliowachanganya wengi ni ule wa nguvu. Namba ile haiongezi usikivu wa mtambo. Ni kiwango ambacho mtambo unataka kila modemu iufikie nacho, kwa kawaida dBmV 0. Iliyo jirani hunong'ona, ya mbali hupaza sauti. Fundi akiipandisha namba ovyo, modemu zote hupandisha sauti, na zile zilizokwisha kufikia kikomo zinashindwa, zinakatika. Wateja wa mwisho wa laini, aliodhani anawasaidia, ndio anaowapoteza kwanza.

DOCSIS 2.0 ikaleta chaneli za megahezi 6.4, na toleo la 3.0, mwaka 2006, likaziunganisha chaneli kadhaa zifanye kazi pamoja. Upana wa jumla, hata hivyo, ulikuwa bado umebanwa na televisheni. Chaneli za analojia zilipoanza kuondolewa kwenye kebo ndipo mpaka ukaweza kusogezwa: hadi megahezi 85, kisha 204 kwa toleo la 3.1 la mwaka 2013, na hadi 684 kwa 4.0.

Lakini mpaka hausogei kwa amri ya kompyuta. Kila amplifaya ya zamani njiani ina kichujio kilichotengenezwa kukata kwenye 42, na chochote fundi atakachoandika ofisini kitaishia hapo mpaka mwenzake apande nguzoni akakibadilishe.