Waliobeba Mapambano

Tunapofundisha historia ya mapambano ya mtu mweusi, majina ya viongozi wanaume hututoka upesi. Lakini ni nani aliyeufikisha wito wao kwa umma? Swali hili linatuhusu hata sisi wa Babati.

Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iligawa viti vya wajumbe wasio maofisa wake katika Baraza la Kutunga Sheria: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Mamilioni ya wenyeji walipewa uzito sawa na walowezi wachache! Mwaka huo huo, Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed aliongoza tawi la wanawake la TANU. Aliwaendea wauza pombe na vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi na mshikamano wao. Kufikia Oktoba alikuwa ameandikisha wanawake wapatao 5,000.

Desemba 1955, mjini Montgomery, Marekani, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Usiku ule Jo Ann Robinson, kiongozi wa chama cha wanawake weusi mjini humo, alichapisha maelfu ya vipeperushi vya kususia mabasi. Mgomo ulidumu siku 381, na kesi iliyoibatilisha sheria ile ya ubaguzi ilisimamishwa na wanawake wanne. Huku na kule njia ilikuwa moja: umoja wa maisha ya kila siku uligeuzwa kuwa silaha ya siasa.

Katika uchaguzi wa 1958, Babati ikiwa sehemu ya Jimbo la Kaskazini, mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Tena alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au wadhifa uliotambuliwa. Hivyo wanawake wengi waliokijenga chama walinyimwa kura. Hata hivyo TANU ilishinda, na miongoni mwa wajumbe wa jimbo letu iliowaunga mkono alikuwamo mwanamke, Sophia Mustafa.

Fundisho ni wazi. Kada anayetaka kuujua umma aanze sokoni na kwenye vikundi vya akina mama, aulize ni nani anayeaminiwa huko. Kisha ahakikishe kwamba mama huyo hasubiri nje kupiga vigelegele, bali ameketi ndani panapokatwa shauri. Vinginevyo tutakuwa tumerithi uhuru pamoja na masharti ya mkoloni.